Dunga na Kitunguu cha Kipupwe

Mtu atokaye mjini Kisumu kwenda Dunga hufuata njia iendayo kusini kando ya Ziwa, akaipita hifadhi ya swala iliyotengwa mwaka 1992, na baada ya mwendo wa maili chache hufika penye pwani ya wavuvi. Hapo huona mashua zimevutwa mchangani, omena wameanikwa juani, na akina mama wakikaanga ngege na mbuta. Wageni wengi huishia hapo. Hula samaki wao, hutazama jua likitua, kisha hurudi mjini. Lakini ye yote apendaye kuijua Dunga sawasawa, yafaa apite nyuma ya vibanda, afuate njia nyembamba ielekeayo kwenye mafunjo.

Mafunjo hayo hupita kimo cha mtu. Ndani yake huishi ndege mmoja mwenye utosi wa manjano na kifua chekundu, ambaye hapatikani mahali pengine ila penye mafunjo tu. Humo samaki wachanga hujificha, na matope yaletwayo na maji ya mvua huchujwa kabla ya kufika ziwani. Ukingoni mwake, ambapo udongo ni mweusi na una unyevu hata wakati wa kiangazi, wenyeji wamelima bustani za mboga. Mashamba ya mbali yanapokauka, hapa sukuma wiki hustawi, pamoja na mnavu ambao Wajaluo huuita osuga, mgagani waitao dek, na mlenda waitao apoth.

Katika bustani moja nilimkuta mama mmoja wa makamo akiinamia tuta ambalo halikuwa la mboga hizo. Majani yake yalikuwa marefu na membamba, ya kijani kizuri. Aling'oa shina moja akanionyesha: chini yake palikuwa na kitunguu kimoja kidogo cha mviringo, mfano wa gololi, kisicho na punje hata moja.

"Karani," aliniambia, "wewe umesoma. Hiki ni kitunguu saumu nilichonunua soko la Kibuye. Niliambiwa kina bei kuliko mboga zote, nikakata na kipande cha mafunjo ili nipate mahali pa kupanda. Nimetia samadi, nimemwagilia miezi minne. Je, ubaya ni wa udongo, au ni wa mkono wangu?"

"Mama," nilimjibu, "si udongo wala si mkono wako. Kilichokosekana ni baridi."

Swali la mama huyu ni la wakulima wengi wa kando ya Ziwa, na kwa hiyo jibu lake nalieleza hapa kwa urefu.

Kitunguu saumu asili yake ni Asia ya kati, nchi yenye majira ya baridi kali. Mpaka leo wakulima wa Ulaya hukipanda mwezi wa Oktoba au Novemba, kipupwe chao kinapokaribia. Huchagua punje zilizo kubwa, huzipanda ncha ikiwa juu, inchi 2 au zaidi chini ya udongo, na kati ya punje na punje huacha nafasi ya inchi 4 hadi 6. Kisha hufunika tuta kwa majani makavu. Punje hutoa mizizi, halafu hulala chini ya theluji. Baridi hiyo ndiyo iuambiayo mmea ugawanye kitunguu chake kuwa punje nyingi. Joto lirudipo, na mchana ukirefuka, kitunguu hunenepa, nao hukivuna katikati ya mwaka, kikubwa kuliko kile kilichopandwa baada ya baridi kwisha. Mmea uliokosa baridi hutoa majani mazuri, na chini yake kijitunguu kimoja tu cha mviringo, kama kile cha yule mama.

Sasa tuitazame Dunga. Mahali hapa ni karibu kabisa na mstari wa ikweta, na kimo chake juu ya bahari ni kama futi 3,700. Mchana wake ni wa saa 12 mwaka mzima. Ziwa hutunza joto la mchana na kulirudisha usiku, hata mwezi wa Julai usiku wa Kisumu hupata nyuzi 17 hivi. Lakini Nyandarua, katika futi 7,500 na zaidi, usiku wa mwezi huo huo hushuka chini ya nyuzi 10. Ndiyo maana kitunguu saumu cha Kenya hutoka nyanda za juu, kama vile Meru na Nyeri, na cha Tanzania husifiwa sana kile cha Mbulu. Na sehemu kubwa ya kile kiuzwacho katika masoko yetu hutoka China, nchi ilimayo karibu robo tatu ya kitunguu saumu chote cha dunia.

Je, mtu wa Dunga asijaribu kabisa? Katika nchi za joto wako wakulima waiwekao mbegu katika friji kwa majuma kadhaa kabla ya kuipanda, ili ionje baridi. Atakaye kujaribu na afanye hivyo, tena kwa tuta moja dogo, na mbegu aipate kwa mkulima wa nyanda za juu. Lakini asiuze mbuzi kwa ajili ya jambo hilo, wala asikate mafunjo.

Kwa maana mafunjo yakiondoka hakuna cha kuuzuia udongo. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 1961 zililiinua Ziwa, likazidi kupanda hadi 1964. Na mwaka 2020 lilipanda tena hata likafunika pwani ya Dunga. Aliyelima mpaka ukingoni hulima kwa ruhusa ya Ziwa.

Utajiri wa Dunga ni maji wakati wa kiangazi. Mwezi wa Januari na Februari, mboga zinapoadimika mjini, osuga na dek za hapa hupata wanunuzi upesi, nazo huchumwa majuma machache tu baada ya kupandwa, hali kitunguu saumu hungojewa miezi minne au mitano. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza bei ya mbegu ya osuga, akaanza kulitifua tuta lake upya. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.