Skrini Moja kwa Benchi Zima

Watu hapa Kakuma wakisikia kwamba nilitumia siku nne za kibali changu cha Nairobi nikizunguka madukani kutafuta skrini ya kompyuta, wanacheka. Si skrini tu? Inawaka, inaonyesha picha, basi. Ninawaelewa. Lakini kibanda chetu kinalisha nyumba tatu, na kibanda chenyewe kinasimama juu ya kioo kimoja. Naandika haya kwa ajili ya kijana mwenzangu ambaye siku moja atakabidhiwa pesa za kikundi aende kununua, na akifika dukani atamwagiwa namba mpaka kichwa kizunguke.

Mjue kwanza kazi yetu. Tuko watatu: mimi, mdogo wangu, na rafiki yetu mmoja Mrundi. Asubuhi mpaka saa tisa kibanda ni studio. Tunapiga picha za pasipoti, tunakata video za harusi na za kwaya, tunatengeneza mabango ya msiba. Kuanzia saa kumi, watoto wakishatoka shule, mpaka jenereta ya mtaa izimwe usiku, kibanda ni cha gemu. Tuna PlayStation 4 moja ya mitumba, pedi mbili, mabenchi mawili na mkeka. Skrini ya studio ndiyo hiyo hiyo ya gemu. Hatuna ya pili.

Ile ya zamani ilikuwa ya inchi 19, imetoka katika ofisi fulani, ya aina ambayo mafundi wanaiita TN. Ukikaa sawasawa mbele yake ni nzuri tu, tena ina mbio. Ukisogea pembeni, rangi zinapauka. Ukikaa chini ukaitazama kutoka chini, picha inageuka kama negativu, nyuso zinakuwa nyeusi ti. Sasa fikiria kibanda. Wachezaji wawili wako katikati, wanaona vizuri. Kumi wanaosubiri zamu wako pembeni, na wadogo wako kwenye mkeka. Hao wa mkeka walikuwa wanaangalia mpira wa vivuli. Walikuwa wanauliza, "Nani kafunga?" na macho yao yako kwenye skrini.

Mchana shida ilikuwa nyingine, au nilidhani ni nyingine. Mama mmoja wa Fizi alikuja na picha ya marehemu mume wake kwenye simu, imepigwa jioni chini ya mti. Alitaka tuikuze iwe bango la matanga. Nikaifungua kwenye kompyuta, yeye amesimama nyuma ya bega langu. Akatazama muda mrefu, kisha akauliza, "Papa, alama yake iko wapi?" Marehemu alikuwa na kovu la moto kwenye paji la uso tangu utotoni. Kwenye simu lilionekana. Kwenye skrini yetu, paji la uso na kivuli cha mti vilikuwa weusi mmoja. Mama akasema, "Kioo yenu haimujuwe." Kazi niliimaliza, lakini nilifanya nikiangalia simu yake kando, kama mtu anayeshona gizani kwa kupapasa.

Baadaye niliona kwamba mama wa Fizi na watoto wa mkeka walikuwa na shida moja. Skrini ile ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, ameketi peke yake mezani, kichwa katikati. Mama hakuwa katikati. Watoto hawakuwa katikati. Na hata mimi niliyekuwa katikati, nilikuwa na skrini ya bei ya chini ambayo kila rangi ya msingi inapata ngazi 64 tu, wakati iliyo bora inatoa ngazi 256. Penye mwanga mwingi huoni tofauti. Penye kivuli, juu ya ngozi nyeusi, ngazi zinakwisha upesi, na kovu la mtu linazama.

Tuliweka akiba miezi saba, tukafika shilingi 15,000. Nilipopata kibali cha kumsindikiza mama yetu hospitali Nairobi, nikapewa pesa pamoja na maagizo. Maagizo ya mdogo wangu yalikuwa mafupi: "Yaya, leta ile ya kujikunja, ya hezi 144. Batu banapenda kitu kubwa." Alikuwa ameiona kwenye video. Alinitumia picha yake mara tatu, nisije nikasahau.

Luthuli Avenue ni barabara ya vyuma na nyaya. Duka la kwanza tu, kijana akanishika mkono: "Bosi, hii ndiyo ya gemu. Hezi 144, milisekunde 1." Nikamwomba aiwashe. Ilikuwa inang'aa kweli, inaonyesha samaki wa rangi na magari mekundu. Bei yake ilipita pesa yangu, lakini muuzaji mwenzake mtaa wa nyuma alikuwa na ya mitumba ambayo ningeifikia. Kwa hiyo sikuikataa kwa sababu ya pesa. Niliikataa kwa sababu zifuatazo.

Hezi ni idadi ya mara skrini inachora picha upya kwa sekunde moja. Ya hezi 60 inachora kila baada ya milisekunde 16.7, ya hezi 144, kila baada ya karibu milisekunde 7. Mwenye kompyuta yenye kadi kali ya picha ataona tofauti, hasa kwenye gemu za kupigana risasi. Lakini PlayStation 4 mwisho wake ni picha 60 kwa sekunde. Ukiiunganisha na skrini ya 144, utapata 60 zile zile. Sufuria kubwa haiongezi posho.

Na ile milisekunde 1 ni muda wa pikseli kubadilisha rangi, tena umepimwa katika hali ile inayoipendeza kampuni. Haikwambii inachukua muda gani tangu ubonyeze pedi mpaka uone mguu umepiga mpira. Kuchelewa huko ndiko wachezaji wanakokulalamikia, na kwa kawaida kunatoka kwenye televisheni, kwa sababu televisheni inaipamba picha kwanza kabla ya kuionyesha. Kama kibanda chako kina televisheni, ingia kwenye mipangilio utafute hali ya gemu, utaona mwenyewe. Sisi televisheni haikutufaa kwa sababu nyingine: nyingi za inchi 32 za bei yetu zina mistari 768 tu, na mtu akikata picha ya pasipoti, maandishi na kope za macho vinakuwa na ukungu.

Kisha mkunjo. Nyuma ya ile skrini kuliandikwa 1500R. Maana yake ni kwamba mkunjo wake ni kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha milimita 1,500, yaani mita moja na nusu. Kwa hiyo duara hilo lina kitovu, na penye kitovu inatosha kukaa mtu mmoja. Yeye anaona picha imemkumbatia. Wa mwisho wa benchi anaona upande mmoja umemgeuzia mgongo. Pia skrini nyingi za kujikunja ni za aina ya VA. Sifa ya VA ni weusi wake: tofauti kati ya nyeupe na nyeusi inafika kama 3000 kwa 1, wakati nyingine ziko kwenye 1000 kwa 1. Usiku ni tamu. Ila pikseli zake zinasita zikitoka kwenye weusi kwenda kijivu, na kitu kinachokimbia gizani kinaacha mkia kama moshi. Na ukikaa pembeni, vivuli vinapauka, hata kama kwenye boksi wameandika digrii 178.

Aina ya tatu ni IPS, iliyotolewa na Hitachi mwaka 1996. Chembe zake za fuwele haziinuki na kulala kama za TN. Zinazunguka zikiwa bapa, sambamba na kioo. Kwa sababu hiyo rangi inabaki karibu ile ile ukiwa katikati, pembeni au chini. Udhaifu wake ni usiku: weusi wake una kijivu ndani yake, na kwenye pembe unaona mwanga unavuja. Nilijiuliza, je, wateja wangu wanahitaji nini zaidi, weusi mzuri kwa mmoja, au uso ule ule kwa wote kumi na wawili? Hapo uchaguzi ulikuwa umekwisha. OLED sikuigusa. Ni nzuri kuliko zote kwa weusi, lakini bei yake si ya kwetu, na kitu kinachokaa mahali pamoja saa nyingi kinaweza kuacha alama ya kudumu. Kwetu ubao wa mabao unakaa pembeni juu tangu saa kumi mpaka usiku, kila siku.

Kuhusu ukubwa, nilimwandikia mdogo wangu hesabu. Pikseli 1920 kwa 1080 kwenye inchi 24 zinakaa kama 92 katika kila inchi. Zile zile ukizitawanya kwenye inchi 32 zinabaki 69. Kwa gemu ukikaa mita mbili haina shida. Kwa studio, mimi niko sentimita 60 kutoka kwenye kioo, ninahesabu nywele za bi harusi. Akajibu kwa neno moja: "Sawa." Aliyezoea ndugu anajua hiyo sawa si sawa.

Zamani maabara za picha za rangi zilikuwa zinapima mashine kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Waliziita kadi za Shirley. Shirley akitoka vizuri, mashine iko sawa. Nyuso kama zetu hazikuwa kwenye kadi. Madukani leo Shirley hayupo, lakini wapo samaki na magari mekundu, na kila skrini inajua kuonyesha gari jekundu. Kwa hiyo nenda na kadi yako mwenyewe. Mimi nilibeba flashi yenye picha sita: ile ya marehemu chini ya mti, ya kwaya yenye watu weusi na weupe wa gauni, moja ya ngazi za kijivu kutoka nyeusi hadi nyeupe, na tatu za rangi tupu, nyeupe, nyeusi na nyekundu, za kutafutia pikseli zilizokufa. Mwambie muuzaji aondoe hali ya kung'arisha aweke ya kawaida, au ile iliyoandikwa sRGB kama ipo. Kisha itazame ukiwa umesimama, ukiwa pembeni, na ukiwa umechuchumaa. Watu watakushangaa. Waache washangae.

Geuza na nyuma pia. Mambo matatu. La kwanza, kibandiko cha umeme: niliyoichukua imeandikwa volti 19, ampea 1.3, yaani wati 25 hivi. Sola yetu ndogo inaiweza mchana kupitia inveta. La pili, adapta iwe ya nje. Jenereta ya mtaa inapanda na kushuka, na kitu cha kwanza kuungua ni pale umeme unapoingia. Afadhali iungue adapta kuliko tumbo la skrini. La tatu, tundu la sauti. Skrini nyingi hazina spika, na PlayStation inapeleka sauti pamoja na picha kwenye waya wa HDMI. Bila tundu hilo watoto watacheza mpira wa bubu.

Nililipa shilingi 11,500 kwa IPS ya inchi 24, ya mitumba, yenye mkwaruzo mdogo kwenye fremu. Zilizobaki zikaenda kwa waya, adapta ya akiba na kitambaa laini cha vumbi. Safari nzima niliipakata kama mtoto. Kibandani tumeiweka mbali na mabati, kwa sababu vitabu vya skrini nyingi vinasema mwisho ni nyuzi 40 za joto, na Turkana haisomi vitabu.

Wa mkeka hawaulizi tena nani kafunga. Sasa wanabishana kama ilikuwa ofsaidi, na kelele zimezidi. Mama wa Fizi alirudi kutafuta nakala ndogo ya kumtumia dada yake aliyepelekwa Marekani. Nilifungua faili ile ile. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, hakuinuka. Alisema tu, "Njo yeye," akaanza kutafuta pesa kwenye kitenge.

Mdogo wangu bado anataka ile ya kujikunja. Nimemwambia siku tukipata kompyuta ya kuzidi picha 60, na chumba cha pili, tutazungumza upya, na hapo labda yeye atakuwa na haki. Hezi si uongo; ni jibu la swali ambalo benchi letu halijauliza. Wewe utakayetumwa na kikundi, kabla hujapanda basi, keti kwenye kila nafasi ya kibanda chako, mpaka ile ya kona karibu na mlango. Hesabu watu. Andika kila mmoja anatazama kutoka wapi. Karatasi hiyo ndiyo uende nayo dukani.