Sindano Anayoiruka Binti Yetu

Kwetu Amu, kama ilivyo Siyu na Faza, chakula ni heshima. Lakini binti mwenye kisukari huketi kwenye sinia ya harusi akipiga hesabu moyoni. Huyu amsogezea pilau na kumwambia, "Ongeza, mwanangu." Yule anong'ona kuwa amenenepa. Mwingine asema maradhi haya ameyataka mwenyewe kwa kupenda halua.

Kauli hiyo ya mwisho si kweli. Kisukari cha aina ya kwanza, kinachoanza mara nyingi utotoni au ujanani, hutokea kinga ya mwili inapoharibu chembe za kongosho zitengenezazo insulini. Kabla ya 1922, insulini ilipotumiwa kwa mara ya kwanza kumtibu kijana mmoja mjini Toronto, mgonjwa wa aina hii hakuwa na matumaini ya kuishi.

Tumeketi na binti wa kwetu aliyekuwa akipunguza dawa hiyo kwa siri. "Nikijidunga nanenepa, shangazi," alitwambia, "na harusi yangu i karibu." Hakuwa mkaidi, alikuwa na hofu. Ni kweli kwamba aachaye sindano hukonda. Sukari hujaa damuni na kutoka kwa mkojo, huku mwili ukibaki na njaa na kuyeyusha mafuta na misuli yake. Kisha damu huingiwa na asidi, na mtu aweza kufa kwa siku chache. Wembamba huo ni mwili kujila wenyewe.

Basi tuwe macho. Binti akikonda ilhali anakula, akiwa na kiu isiyokwisha, akikojoa mara kwa mara au akikwepa kupima sukari, tumuulize faraghani kwa upole. Akitapika, akiumwa na tumbo, akahema kwa nguvu na pumzi yake kunuka kama matunda yaliyoiva mno, asingojewe asubuhi: itafutwe boti, afikishwe hospitali.

Ramadhani nayo isigeuzwe pazia la kujinyima. Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa kula, na sindano si ya kuachwa bila shauri la daktari.

Zaidi ya yote, tuzichunge ndimi zetu. Tusimlazimishe tonge, wala tusiupime mwili wake kwa macho mbele za watu. Uhai wa binti ni amana, na amana huulizwa.