Mayai Yasiyofika Sokoni

Kwa miaka mingi nilijua yai moja tu la samaki: lile linaloingia kikaangoni. Nauza samaki wa kukaanga hapa Mwanza, na wapenzi wa mayai nawajua kwa sura. Mtu anaegesha pikipiki, hata hajasalimia vizuri, "Mama, niwekee na mayai," na akikosa ananuna. Ya sangara nayachemsha kwanza kwa chumvi na ndimu hadi yashikane, ndipo nayakaanga na kitunguu, nyanya na pilipili. Yana mafuta, yanashibisha. Niliposikia watu wakilalamika kwamba ziwa linaishiwa samaki, nilihisi sisi wala mayai ndio tunaosemwa.

Kilichonigeuza ni kibarua nilichopata kwenye kituo cha kuzalisha vifaranga vya sato. Tuliingia bwawani, maji kiunoni, kukagua majike. Kijana aliyekuwa akinielekeza akaniambia, "Mama, mshike taratibu. Ukimtisha, anatema." Nikamwinamisha jike juu ya beseni, nikamfungua taya kwa kidole, kijana akammwagia maji kwenye matamvua. Mayai yakamiminika, ya manjano, makubwa kuliko nilivyozoea kuyaona. Ya jike wa pili yalikuwa mbele zaidi: kila yai lilikwisha kuwa na vidoti viwili vyeusi. Macho hayo, yananitazama.

Nilikuwa nimepasua sato maisha yangu yote bila kujua kwamba analelea mdomoni. Dume huchimba kiota mchangani, kwenye maji mafupi. Jike hutaga humo, huyaokota mayai yote kwa kinywa, kisha huyaatamia humo humo huku akiyageuza-geuza yapate hewa. Hata yakianguliwa, watoto wakiona hatari hurudi mdomoni mwa mama yao. Ndiyo maana kule kituoni mayai tunayaweka kwenye mitungi ambamo maji hupanda kutoka chini, yaendelee kuzunguka.

Sangara hana habari hizo. Jike mkubwa huachia mayai kwa mamilioni, yakaelea, naye akaenda zake. Mengi huliwa, lakini machache yanayopona yanatosha. Sato hutaga mia kadhaa, pengine zaidi ya elfu, akategemea ulinzi. Furu wengi, wale samaki wadogo wa ziwa hili, nao hulelea mdomoni, na mayai yao ni machache zaidi. Sangara alipoletwa ziwani miaka ya 1950, furu walikuja kuliwa kuliko walivyoweza kuzaana, na aina nyingi zikapotea.

Hapo ndipo nilipoelewa hesabu ya ziwa. Mayai ninayokaanga yalikuwa tumboni. Samaki alipovuliwa, safari ya mayai hayo ilikuwa imekwisha. Ya mdomoni hayafiki sokoni hata siku moja. Kokoro, ule wavu wa kukokota, likiburutwa ufukweni, jike hutaharuki, huyatema, yakabaki kwenye matope, na viota navyo hukwanguliwa. Pale mnadani utaona samaki mmoja tu kwenye ndoo. Kizazi chake hukioni, kwa hiyo hakuna anayekililia. Kokoro limepigwa marufuku na sheria. Zamani niliona ni serikali kuwasumbua vijana wetu, leo naona linachokwangua.

Mayai ya sangara bado nayauza, tena nayasifia. Sangara chini ya sentimita 50 siwagusi, na sato chini ya sentimita 25 pia, maana hao sheria inawalinda wakue wazae kwanza. Sato wa kokoro sichukui hata kwa bei ya kutupa. Wenzangu hunicheka: "Dada, ukiwaacha wewe si nitawachukua mimi?" Ni kweli, na asubuhi nyingine beseni langu huwa jepesi kuliko lao. Lakini wawili kati yao wameanza kumuuliza mvuvi, kabla ya bei, samaki hawa umewavua kwa nyavu gani.