Nakala Isiyobeba Jina la Mwenzake

Enzi za Windows XP, kunakili kompyuta za maabara Dar es Salaam kulikuwa ni kazi ya Norton Ghost. Unaiandaa moja vizuri, unaweka Office na draiva zote, kisha diski yake unaihamishia kwenye nyingine. Fundi mkuu wetu, ambaye sote tulimwita Mwalimu, hakuruhusu mtu aguse Ghost kabla ya kuendesha Sysprep, programu ya Microsoft inayoiondolea Windows vitambulisho vyake, ikiwemo ile nambari ndefu iitwayo SID. Vijana tulipenda njia ya mkato: nakili kwanza, halafu badilisha nambari kwa NewSID, kiprogramu cha Mark Russinovich.

Mwaka 2009 Russinovich mwenyewe, akiwa tayari yuko Microsoft, aliandika kwamba hakuona madhara ya kompyuta mbili kuwa na SID moja, akaiondoa NewSID. Tulishangilia. Mwalimu akasema, "Wanangu, SID si kitambulisho pekee."

Mashine pepe zilipoingia nilimwelewa. Sasa nakala ni faili tu. Kabla chai haijapoa una seva kumi. Lakini seva ya Linux hubeba mengi. Katika matoleo ya zamani, udev, sehemu ya Linux inayosimamia vifaa, iliikumbuka kadi ya mtandao ya mashine mama, hivyo kadi ya nakala ikaitwa eth1 huku mipangilio yote ikiwa ya eth0, na seva ikawaka bila mtandao. Baadaye likaja suala la machine-id, faili yenye kitambulisho cha mashine: kwenye Ubuntu 18.04 nakala zenye anwani tofauti za MAC zilipewa IP moja, kwa kuwa kitambulisho kilichotumwa kwenye ombi la DHCP kilitokana na faili hiyo. Tulijifunza kuiacha tupu. Kinachonitia hofu zaidi mpaka leo ni funguo za SSH. Zikiachwa ndani ya imeji, anayeiba ufunguo wa seva moja anaweza kujifanya seva yoyote kati ya nakala zake.

Siku hizi hatusafishi mashine iliyokwisha kutumika. Packer huijenga imeji upya kutoka kwenye maelekezo yaliyoandikwa, na cloud-init huipa kila nakala jina na funguo zake inapowaka mara ya kwanza. Naona haya ndiyo mageuzi makubwa kuliko yote, maana kila hatua inasomeka na yeyote anaweza kuikagua.

Na SID? Masasisho ya Windows 11 na Server 2025 yaliyoanza kutolewa mwishoni mwa Agosti 2025 yalianza kukagua nambari hiyo. Kompyuta zenye SID moja zikashindwa kutambuana kwa itifaki za Kerberos na NTLM, na Microsoft ikaagiza zijengwe upya kwa Sysprep.