Hapa Ataenda Wapi?

Baba ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa ameketi mbele ya tangi, kikombe cha chai mkononi, akaniita bila kugeuza kichwa: "Mwanangu, huyu samaki wako anajikuna."

Mimi nilikuwa nakimbizana na habari iliyotakiwa saa kumi jioni, kompyuta mapajani. Nikamjibu kwamba anacheza tu. Akanyamaza. Yaani mzee aliyevua samaki kisiwani Mafia miaka zaidi ya arobaini alibishana kuhusu samaki na mtu anayeijua bahari kwa kuiandikia, na aliyeshinda nikawa mimi. Aibu hiyo bado ninayo.

Tangi lenyewe nililinunua kwa ajili yake. Baba alikuja Dar es Salaam mwaka jana baada ya presha kumwangusha, na daktari akataka awe karibu na hospitali. Tunaishi ghorofa ya tatu, na dirisha la sebuleni linatazama ukuta wa jirani. Nikawaza, mzee huyu hajawahi kukaa mbali na maji, basi nimletee maji. Lita 300 za maji ya bahari, mchanga, mawe, taa, pampu, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, mmoja mdogo wa bluu, na kamba mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni. Mke wangu aliponiuliza bei, nilimtajia nusu.

Kosa lilianza na samaki wa nne. Siku moja Baba alisema amewakumbuka kangaja. Kuna jamaa anayefuga kama mimi, alikuwa na mmoja anamuuza: mwili wa bluu, uso mweusi, pezi la mgongoni njano kama ndizi iliyoiva. Kila anayefuga samaki wa maji ya chumvi anajua kwamba mgeni hukaa kwanza peke yake kwa wiki kadhaa kwenye chombo kingine. Nilijua. Nilijua pia kwamba kangaja huyu anasifika kwa kushikwa na maradhi haraka, na kwamba tangi langu ni dogo kwa samaki aliyezoea kuogelea masafa. Lakini nilitaka Baba aamke asubuhi amkute. Nikamtia usiku uleule.

Siku mbili baada ya ubishi wetu, kangaja alikuwa na vidoto vyeupe mwili mzima, kana kwamba mtu amemnyunyizia chumvi ya mezani. Kesho yake na wale wengine wakawa navyo. Nilisoma hadi saa nane za usiku. Kimelea chenyewe kinaitwa Cryptocaryon irritans, kiumbe cha seli moja kinachojichimbia chini ya ngozi ya samaki na kwenye mashavu yake, pale anapovutia hewa.

Halafu, baada ya siku tano hivi, vidoto vikatoweka. Vyote! Samaki wakala, wakaogelea. Nikawapiga picha nikaituma kwenye kundi la familia: "Wamepona!"

Baba aliitazama picha kwenye simu yake, akaniuliza, "Umewapa dawa gani?"

"Hakuna, Baba. Wamepona wenyewe."

Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. Miezi mitatu kabla ya hapo nilikuwa nimemgombeza, tena mbele ya wajukuu, kwa sababu nilikuta vidonge vyake vya presha vimebaki kwenye paketi. Kichwa kilikuwa kimeacha kuuma, kwa hiyo aliona hakuna haja. "Si wewe uliyeniambia presha haina kelele?" akasema. "Leo samaki wakinyamaza, wamepona?"

Nikarudi kusoma, safari hii bila haraka. Kumbe kidoto ni sehemu ndogo tu ya hadithi. Kimelea hukaa kwenye samaki siku 3 hadi 7, kikila. Kikishiba huanguka chenyewe, hujishikiza kwenye mchanga au mawe, hujifunga ndani ya ganda, na humo hujigawa. Kutoka ganda moja wanaweza kutoka watoto mamia, na kila mmoja anahitaji kupata samaki ndani ya siku moja au mbili, la sivyo afe. Kwa hiyo siku ile niliyoshangilia ngozi safi, maradhi yalikuwa chini, kwenye mchanga, yakiongezeka. Mwanahabari ningepaswa kulijua hilo. Ni habari ngapi nimeziona zikitoka ukurasa wa mbele, tukadhani zimekwisha?

Vidoto vilirudi baada ya wiki moja na nusu, na safari hii vilikuwa vingi kuliko mwanzo. Kangaja alikufa alfajiri, amelala ubavu karibu na pampu, akihema hadi mwisho. Mmoja wa wale wa chungwa akafuata jioni. Niliwatoa kwa wavu mdogo huku Baba akinitazama. Nikamuuliza, ili niseme chochote tu, kama baharini nako samaki wanapata vitu hivi.

"Wanapata," akasema. "Lakini baharini samaki anahama. Hapa ataenda wapi?"

Jibu lilikuwa hapo. Baharini kimelea kinaanguka pahali, na watoto wake wakitoka samaki keshapita, maji yamewasomba. Kwenye lita 300 hakuna kupita wala kusombwa.

Kuna dawa za shaba, lakini shaba inayomaliza vimelea inaua pia kamba na matumbawe, na kipimo chake hakitaki kubahatisha. Nikachagua njia isiyo na dawa: kuwahamisha. Unachukua mabeseni mawili makubwa. Samaki wanakaa kwenye la kwanza, na kabla siku 3 hazijatimia unawahamishia la pili, lenye maji mapya. Lile la kwanza unalisugua, unalianika juani likauke kabisa. Unafanya hivyo mara 4. Vimelea vinavyoanguka vinabaki nyuma na maji machafu kabla watoto wao hawajatoka. Kazi yangu ikawa kubeba madumu ya lita 20 ngazi za ghorofa tatu. Kazi ya Baba ikawa kuhesabu siku. Aliandika kwa penseli kwenye kalenda ya jikoni.

Tangi lilibaki bila samaki kwa siku 76, muda ambao wafugaji wengi hushauri, ili kila kitakachotoka mchangani kikose wa kumshika. Kamba tu ndiye aliyebaki, kwa sababu kimelea hiki hakimpati. Baba aliendelea kukaa kwenye kiti chake kila asubuhi, akimtazama huyo kamba akitembea juu ya mawe kama mlinzi wa nyumba ambayo wenyewe wamesafiri.

Siku moja katika hizo nilisimama mlangoni nikamwona kwa nyuma: mzee, kioo, na nyuma ya kioo ukuta wa jirani dirishani. Ndipo nikasikia upya aliloniambia. Sina hakika kwamba siku ile alikuwa anazungumzia samaki peke yao.

Siku ya 77 tuliwarudisha wawili waliobaki, wa chungwa na mdogo wa bluu. Hakuna aliyejikuna. Wiki mbili baadaye, daktari aliporidhika na vipimo, nilimsindikiza Baba kurudi Mafia. Nilimfungashia vidonge vya miezi mitatu. Hakubisha, wala hakuahidi.

Sasa napiga simu kila jioni. Yeye ananiuliza kwanza: "Wanajikuna?" Nasema hapana. Kisha mimi namuuliza kama amemeza dawa. Ananijibu, "Nimemeza." Nyuma yake nasikia upepo na watu wakiitana ufukweni. Sauti yake ni nzuri, haina dalili ya kuumwa. Kwa hiyo namuuliza tena, vimebaki vidonge vingapi, naye, baada ya kuguna, anakwenda kuhesabu.