Punda mpana, tandiko jembamba

Leo naweka kando habari za programu na seva. Nataka tuzungumze juu ya tandiko la punda. Najua wengine wenu mmeshaanza kutabasamu, lakini vumilieni kidogo, maana humu mna hesabu, mna jiometri, na mna swali ambalo kila anayeandika programu hukutana nalo: kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya "mtumiaji wa wastani" kinamfaa nani hasa?

Kwetu ni Manga, kaunti ya Nyamira, upande wa ule ukingo ambao ukisimama juu yake unauona mji wa Kisii kule chini. Ni nchi ya miinuko na mvua. Bodaboda zimechukua kazi nyingi siku hizi, lakini vile vijia vya kushuka mtoni na kupanda tena na maji, au kutoa ndizi shambani hadi barabara ya lami, bado ni vya punda. Mkokoteni haufai huko. Mzigo unakaa mgongoni, kwa hiyo kati ya punda na mzigo kuna kitu kimoja tu, nacho ni tandiko.

Baba mdogo ana punda wawili. Mmoja ni Sindano, mwembamba, mgongo umechongoka kama paa la nyumba. Mwingine ni Pipa, na jina linajieleza: mfupi, mnene, mbavu zimetanuka, mgongo bapa kiasi kwamba ukimwekea kikombe cha chai hakimwagiki (nimejaribu, kilikuwa kitupu). Kwa miaka kadhaa wote wawili walitumia tandiko la aina moja lililonunuliwa sokoni: mbao mbili bapa, moja kila upande wa uti wa mgongo, zimeshikanishwa na miti miwili iliyopigwa msumari kwa umbo la herufi X mbele na nyuma. Chini yake gunia. Sindano hakuwa na shida yoyote. Pipa alikuwa na vidonda viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto, karibu upana wa kiganja chini ya uti wa mgongo. Vilikuwa mahali pamoja pande zote mbili, kama vimepigwa muhuri.

Ukiona vidonda vinavyofanana hivyo kulia na kushoto, usimlaumu punda wala mwenye kumswaga. Hilo ni umbo linakuambia jambo.

Fikiria X ile. Pembe kati ya miguu yake miwili ndiyo inayoamua mbao zikae zimelala au zimesimama. Mgongo wa Sindano ni mkali, unahitaji pembe nyembamba. Mgongo wa Pipa umelala, unahitaji pembe pana. Ukimvisha Pipa tandiko la pembe nyembamba, mbao hazimgusi kwa upana wake wote. Zinamgusa kwa kingo za chini tu. Sasa tupige hesabu. Tuseme mzigo ni kilo 40, na kila ubao una urefu wa sentimita 40 na upana wa sentimita 10. Mbao mbili zikilala vizuri, eneo ni sentimita za mraba 800, yaani kila sentimita ya mraba inabeba gramu 50. Zikigusa kwa ukingo wa sentimita 2 tu, eneo linabaki 160, na kila sentimita inabeba gramu 250. Mzigo ni uleule na punda ni yuleyule, lakini shinikizo limekuwa mara tano. Damu haipiti vizuri kwenye ngozi iliyobanwa hivyo saa baada ya saa, na ngozi isiyopata damu inakufa. Mvua ya kwetu nayo inailainisha, ikichubuka inachubuka upesi.

Kinyume chake pia kipo. Tandiko pana mno kwa punda mwembamba linazama, mbao zinakandamiza kwa kingo za juu, au ule msalaba unagusa uti wa mgongo wenyewe. Hicho ni kibaya zaidi, kwa sababu pale hakuna nyama ya kupokea mzigo, kuna mfupa na ngozi tu.

Sasa mtu mwenye huruma akiona kidonda anafanya nini? Anaongeza gunia. Baba mdogo aliongeza gunia la pili, halafu blanketi kuukuu. Kidonda kikazidi. Akadhani Pipa ana ngozi dhaifu. Lakini hebu jiulize: kiatu kikikubana, utavaa soksi mbili? Kwa tandiko jembamba, kila unene unaouongeza chini yake unaongeza upana wa mgongo, na pembe ya X haibadiliki. Unazidisha kubana kwa nia njema kabisa. Sisi wa programu tunalifahamu sana hili, la kuweka kiraka juu ya kiraka bila kugusa ile namba moja iliyoandikwa vibaya tangu mwanzo.

Nilipoanza kusoma habari hizi niligundua kwamba wenye shida kama ya Pipa wamejaa Uingereza na Ireland. Huko wana farasi wafupi wanene, wenye mgongo mpana na mabega yasiyo na nundu, wanaoitwa kobu. Matandiko ya kupanda (seruji, kama tunavyoziita kwa jina la Kiarabu) yana fremu ndani, na huuzwa kwa saizi: jembamba, la wastani, pana, pana zaidi. Mwenye kobu ananunua "pana" akidhani amemaliza kazi, kumbe "pana" ya kampuni hii si "pana" ya kampuni ile, kwa sababu hakuna kipimo kimoja wanachokifuata wote. Tena kuna wanaopima umbali kati ya ncha mbili za fremu peke yake, na umbali huo haukuambii pembe, wala haukuambii kama upinde wa juu ni wa duara au umechongoka. Migongo miwili inaweza kuwa na upana sawa na umbo tofauti kabisa. Na tabia nyingine wanafanana na Pipa: kwa kuwa hakuna nundu ya kuzuia, tandiko linapinduka upande, mtu anakaza mkanda wa kifuani, na mkanda nao unaleta vidonda vyake kwenye kwapa.

Pwani walikwenda njia nyingine. Shogi, ule mfuko mpana wa ukili unaotandazwa juu ya mgongo wa punda na kuning'inia pande zote mbili, hauna fremu, kwa hiyo unafuata umbo la mgongo wowote. Ubaya wake ni kwamba bila fremu hakuna kinachouinua mzigo kutoka kwenye uti wa mgongo.

Basi suluhisho ni nini? Ni kuupima mgongo wenyewe, na huhitaji simu ya bei mbaya. (Nilishaanza kufikiria programu ya kutengeneza umbo la mgongo kutokana na picha za simu. Waya umeshinda.) Chukua waya wa umeme wenye shaba nene ndani, ule unaopindika na kubaki ulivyoupinda. Punda asimame sawasawa, miguu yote minne chini, kichwa kisiwe kinakula. Tafuta ukingo wa nyuma wa mfupa wa bega, sogea vidole vitatu nyuma yake ili bega lipate nafasi ya kutembea, ulaze waya kutoka upande mmoja hadi mwingine na kuukandamiza hadi ugusane na ngozi pote. Uondoe taratibu, uuweke juu ya katoni, uchore kwa kalamu. Rudia katikati ya mgongo, na tena kwenye ubavu wa mwisho. Nyuma ya ubavu wa mwisho tandiko lisifike, kiuno hakina mbavu za kukishikilia. Kata katoni, irudishe mgongoni, uangalie kama mwanga unapita. Umepata kipimo.

Nilipoziweka katoni za Pipa na Sindano moja juu ya nyingine, fundi wetu wa jua kali hakuhitaji maelezo zaidi. Alichofanya kilinipendeza kama msimbo safi. Badala ya misumari, miguu ya X aliishikanisha kwa boliti moja inayozunguka, halafu akaweka ubao mfupi wa kukingama wenye safu ya matundu, na boliti ya pili ya kufungia pembe. Boliti hiyo ya pili ni ya lazima. Bila hiyo mzigo utaifungua X kama mkasi na kila kitu kitaangukia uti wa mgongo. Pipa anatumia tundu la nne, Sindano la pili. Chini ya mbao kuna mito miwili iliyotenganishwa, ili katikati pabaki mfereji unaopitisha hewa. Kwa ajili ya mteremko wetu akaongeza mkanda mpana mbele ya kifua na mwingine nyuma ya mapaja. Tandiko sasa halisogei nyuma punda akipanda wala mbele akishuka, na mkanda wa chini haukazwi kupita kiasi.

Kukagua ni rahisi. Ukitoa tandiko baada ya kazi, jasho na vumbi vienee sawasawa chini ya mito. Ukiona kipande kikavu katikati ya jasho, hapo pamebanwa. Nywele nyeupe mahali zilipokuwa za kijivu ni kumbukumbu ya jeraha la zamani, na hazirudi. Na vipimo vinabadilika: majani yakiwa mengi punda ananenepa, jike akibeba mimba anatanuka. Tundu la nne la Januari si lazima liwe la Juni.

Kwa nini nijisumbue hivi? Kwa sababu punda mwenye kidonda hafanyi kazi, na kwa miaka kadhaa punda asiyefanya kazi Kenya alikuwa na mnunuzi anayemsubiri. Kuanzia 2016 vichinjio vya punda vilifunguliwa hapa nchini, ngozi zikienda China kutengenezewa dawa iitwayo ejiao. Sensa ya 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8, ya 2019 takriban milioni 1.2. Serikali ilitangaza marufuku Februari 2020, Mahakama Kuu ikaibatilisha Mei 2021, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Ukimpoteza Pipa, kumpata mwingine si kazi ndogo.

Sasa kuna jambo ambalo mimi na baba mdogo bado hatujakubaliana. Mwaka 1996 Pearson na Ouassat, baada ya kupima punda wa Morocco, walitoa kanuni ya kukadiria uzito kwa futi kamba tu: mzingo wa kifua kwa sentimita kwa kipeo cha 2.12, zidisha kwa urefu wa mwili (kiwiko hadi mfupa wa makalio) kwa kipeo cha 0.688, gawanya kwa 3801. Pipa ana 120 na 96, inatoka kilo 155 hivi. Sindano ana 108 na 94, kilo 123. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba mzigo wa mgongoni, pamoja na tandiko, usizidi theluthi ya uzito wa punda. Tandiko letu ni kilo 7. Pipa anabakiwa na kilo 45 hivi, yaani jerikeni mbili za lita 20. Sindano anabakiwa na 34, hata hizo mbili zikijaa ni nyingi kwake. Na mtaani kwetu kawaida ni nne!

"Sasa hiyo kompyuta yako ndiyo itateka maji?" baba mdogo aliniuliza. Nikamwambia hapana, baba, lakini Pipa aende mara mbili na mbilimbili. Kwa sasa anabeba tatu, mbili pembeni na moja juu. Vidonda vimefunga. Ile ya juu bado tunaijadili.