Sindano ya Ng'ombe na Majani ya Ndabaka

Basi lilitushusha stendi ya Bweri alfajiri, upepo wa ziwa ukivuma kana kwamba unatoka baharini. Nimekulia Pangani, nikasomea mambo ya malisho Morogoro, na hadi siku hiyo sikuwahi kuvuka Singida. Musoma niliipenda mara moja: mawe makubwa yaliyopandana vilimani, mwalo wa Mwigobero wenye harufu ya dagaa, akina mama wanaobishana bei huku wakipepeta. Lakini sikuja kutembea. Nilikuwa nimepata nafasi ya kujiunga na kikosi cha kupima majani magharibi mwa Serengeti, na kila niliyemweleza alinitazama kwa huruma. Wageni huja huku kuona simba. Mimi nimekuja kuona simba anaishi kwa kitu gani, na jibu la swali hilo ni majani.

Mwenyeji wangu alikuwa bwana mifugo mstaafu, mzee mwembamba asiyevua kofia. Aliniandalia ugali wa mhogo na sato, akanisikiliza nikimweleza habari za fremu na mizani, kisha akasema, "Mwanangu, kesho huendi Serengeti. Kesho tunapita Butiama kwanza. Hifadhi hiyo unayoikimbilia imejengwa zizini."

Tukapanda Hiace hadi Makutano, tukaiacha barabara ya Mwanza. Butiama ni kijani na tulivu, nchi ya Wazanaki, migomba na majabali. Mwalimu Nyerere alizaliwa hapa mwaka 1922 na kaburi lake liko hapa, pale Mwitongo. Nilisimama pale kwa heshima niliyofundishwa nyumbani. Watu wengi wanalijua Azimio la Arusha la 1967. Wachache wanalikumbuka tamko lake la Arusha la Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru, aliposema kwamba wanyamapori ni amana na kwamba taifa jipya litawatunza kwa ajili ya wajukuu. Nchi ilikuwa na madaktari wachache na barabara chache, na bado akaahidi hilo. Naliona kuwa jambo kubwa mpaka leo.

Lakini mzee hakunileta kwa ajili ya tamko. Alinipeleka kwenye boma la rafiki yake, ng'ombe wakiwa wanatolewa, akashika shingo ya ndama mmoja, akabana ngozi kwa vidole viwili. "Hapa," akasema. "Sindano ilikuwa inapita hapa."

Alikuwa anazungumzia sotoka. Ugonjwa huo uliingia Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 kupitia Eritrea, pamoja na ng'ombe walioletwa na Waitaliano, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1890 ulikuwa umeshafagia Afrika Mashariki. Ng'ombe walikufa karibu wote katika sehemu nyingi, na watu wakafuata kwa njaa. Porini nyati na nyumbu nao walianguka, na sotoka ikabaki huko kwa zaidi ya miaka 60 ikiua ndama wa nyumbu mwaka baada ya mwaka. Wengi waliamini wanyama wa porini ndio ghala la ugonjwa, kwamba hata ukichanja ng'ombe wataambukizwa tena kutoka porini. Ilikuwa kinyume. Chanjo za ng'ombe zilipoenea miaka ya 1950, kisha ikaja ile chanjo bora ya Walter Plowright na wenzake iliyotengenezwa Muguga, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1960, sotoka ikatoweka kwa nyumbu. Hakuna nyumbu aliyechomwa sindano. Ng'ombe walipopona, pori nalo likapona.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya nichague kazi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa robo milioni hivi. Kufikia 1977 walikuwa zaidi ya 1,300,000. Midomo yote hiyo ilikula majani ambayo zamani yalikauka yakangoja moto. Moto ukapungua, na moto ulipopungua miche ya migunga ikapata nafasi ya kukua, na sehemu nyingi zilizokuwa wazi zikarudi kuwa na miti. Mnyororo huo ulifuatiliwa kwa miongo na Anthony Sinclair, mtafiti aliyekulia Tanzania, na wenzake. Mwaka 2009 kikundi kilichoongozwa na Ricardo Holdo kilionyesha kwamba kwa sababu ya kupungua moto na kuongezeka miti, Serengeti iligeuka kutoka kutoa kaboni angani hadi kuihifadhi ardhini na mitini. Chanzo cha yote ni ngozi ya ndama iliyobanwa kwa vidole viwili. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imetokomezwa kabisa, na mzee aliniambia siku ile alivaa suti.

Kuna mfano wa pili, wa mbwa. Mwaka 1994 homa kali ya mbwa, ile inayoitwa distempa, iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Tangu hapo watafiti na mabwana mifugo wamekuwa wakizunguka vijiji vya pembezoni kuchanja mbwa, dhidi ya homa hiyo na dhidi ya kichaa cha mbwa. Watoto huwaleta wakiwaburuta kwa kamba za katani. Anayetaka kuona ulinzi wa simba unavyofanyika aende kwenye foleni hiyo.

Tukarudi barabara kuu, tukapita Kiabakari, tukashuka Bunda mchana chini ya mlima Balili. Hapo mzee aliniaga na kikosi kikanipokea, tukaenda kulala kijiji kimoja cha mpakani mwa hifadhi. Usiku huo nilielewa upande mwingine wa hesabu. Mama mwenye nyumba hakulala ndani. Alilala shambani kwenye dungu, na mwanawe alikuwa na tochi na debe tupu. Mtama ulikuwa unakaribia kukomaa na tembo walikuwa wameonekana jioni. Saa nane usiku madebe yakaanza kulia shamba hadi shamba, mbwa wakabweka, kisha tukasikia mabua yakivunjika, sauti nzito isiyo na haraka. Asubuhi robo ya shamba ilikuwa imelala. Mama alihesabu hatua kuzunguka eneo lililoharibiwa kwa sababu afisa wa wanyamapori atamwuliza, na bila hesabu hapati kifuta jasho. Alikuwa na daftari. Tarehe, idadi ya tembo, upande waliotokea, hatua. Nililisoma ukurasa kwa ukurasa. Lilikuwa daftari safi la utafiti, la misimu kadhaa, na wakati ule hakuna mtafiti aliyekuwa ameliomba.

Kutoka Bunda hadi lango la Ndabaka ni mwendo mfupi. Barabara ya Mwanza inapita ukingoni mwa hifadhi, ziwa likiwa karibu kabisa upande wa magharibi. Udongo hapa ni ule mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi na kunasa magurudumu masika, na ndorobo huuma hata juu ya shati. Mvua ndiyo inayoeleza kila kitu. Kusini mashariki mwa Serengeti, kwenye majivu ya volkano za Ngorongoro, mvua ni kama milimita 500 kwa mwaka, majani mafupi yenye madini mengi. Ukija kaskazini magharibi mvua inapanda hadi 1,000 na zaidi, majani yanarefuka na lishe inapungua. Ndiyo maana nyumbu huzalia kule na kuja huku pindi kule kunapokauka, wakipita ukanda huu wa magharibi na mto Grumeti kati ya Mei na Julai.

Kazi yenyewe ni ya magoti. Unatupa fremu ya nusu mita kwa nusu mita, unapiga magoti, unakata kila jani lililomo kwa mkasi hadi usawa wa udongo, unatenga mabichi na makavu, shina na jani, unatia kwenye mfuko wa khaki na kuandika namba. Kando yake kuna kizimba cha nyaya kinachozuia wanyama, nako unakata vivyo hivyo. Tofauti ya vipimo hivi viwili ndiyo inayosema nini kimeliwa na nini kimeota upya. Samuel McNaughton alionyesha miaka ya 1970 kwa njia kama hii kwamba majani yanayoliwa kwa kiasi huota kwa kasi kuliko yale yanayoachwa, na niliona kwa macho yangu: nje ya kizimba palikuwa na zulia fupi la kijani, ndani yake mabua ya kahawia yaliyoanguka. Pundamilia hula shina refu gumu, nyumbu wakija nyuma yao hupata jani, swala tomi humalizia chipukizi.

Kisha tukafanya hayohayo upande wa kijiji, na hapo fremu ilikuwa na vumbi, ukoka uliotafunwa hadi mzizi na kinyesi cha mbuzi. Mwaka 2019 utafiti mkubwa wa Michiel Veldhuis na wenzake ulieleza jinsi watu na mifugo inavyoongezeka pembezoni mwa Serengeti na Mara, na jinsi wanyama wanavyosukumwa kuelekea katikati, ambako nako udongo na majani huanza kuchoka. Mpaka uliochorwa kwenye ramani hauyazuii madhara hayo.

Siwezi kupita Nyatwali bila kusema neno. Kata hiyo ya Bunda iko kati ya hifadhi na ghuba ya Speke, na Serikali iliamua wakazi wake wahame kwa fidia ili wanyama wafikie maji ya ziwa. Kiikolojia hoja ina nguvu. Mwaka wa ukame Grumeti hubaki vidimbwi. Lakini nilipita pale nikaona makaburi ya wazee kando ya mahame, na naamini kwa moyo wote kwamba anayelipia ushoroba kwa nyumba ya babu yake anastahili kupewa haki yake yote, kwa wakati, na kuulizwa mapema anachokijua kuhusu njia za wanyama.

Siku ya mwisho mfugaji mmoja alikuja kutuchungulia, akauliza kwa upole kwa nini vizimba vyote viko ndani ya hifadhi. Kiongozi wetu alijibu kweli: kibali na mpango wa kazi vilisema hivyo. "Basi ongezeni," akasema mfugaji. "Mnapima wanachokula nyumbu. Ng'ombe wangu wanakula majani hayohayo." Akatuonyesha mlambo wa chumvi ambako nyumbu na ng'ombe hukutana kiangazi, na kipande alichokiacha bila kulisha misimu miwili ambako majani marefu mekundu yalikuwa yamerudi. Kiongozi aliandika majina ya sehemu zote mbili kwenye ombi jipya la kibali, jina la mfugaji likaingia kama msaidizi wa utafiti, na mama wa dungu akakubali daftari lake linakiliwe kwa sharti kwamba matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla hayajapelekwa kwingine kokote.